Je, wajua kwa nini mhenga wa Kimormoni anaweza kuwa na baba aliyemzidi miaka 11 tu?

Brigham Young, aliyewaongoza Wamormoni (waumini wa kanisa lililozaliwa Marekani) hadi bonde la Salt Lake, Utah, mwaka 1847, alizaliwa 1801. John D. Lee, aliyehesabiwa kuwa mwanawe, alizaliwa 1812. Hebu toa hesabu.

Mimi sikutoa. Nilipokutana na neno "mwana" nilijichorea mti wa ukoo safi kabisa: Young juu, Lee chini. Kosa lilipojitokeza, nikarukia lingine: basi ni mambo ya mitala, Lee atakuwa mtoto wa kambo, kaja na mmoja wa wake. Wapi! Wengi hukimbilia huko, kwa sababu Wamormoni wa karne ya 19 wakitajwa, mitala ndiyo ya kwanza kukumbukwa. Ilikuwepo kweli, ilitangazwa hadharani 1852 na tamko la kuisitisha likatoka 1890. Na mtafiti wa nasaba itamtoa jasho, maana ndugu wa baba mmoja huweza kuwa na mama watano. Lakini mitala huongeza mama. Haiongezi baba.

Kilichoongeza baba ni ibada ya kuasiliwa, yaani kufanywa mtoto wa mtu asiye mzazi wako, iliyofanyika katika hekalu la Nauvoo, Illinois, majira ya baridi ya 1845–46. Fikiria mashua zinazovutwa na jahazi, kila moja imefungwa kwenye tezi ya iliyo mbele yake. Waliamini kwamba familia huvuka kifo kwa namna hiyo, mtoto akiunganishwa na mzazi. Sasa wewe umeongoka peke yako. Baba yako alikufa bila ubatizo wa Kimormoni, au yu hai na hataki hata kuusikia. Mashua iliyo mbele yako haina kamba. Utajifunga wapi? Wakaamua kujifunga moja kwa moja kwenye jahazi, yaani kwa mtume au kiongozi mkubwa. Wanaume wazima, wenye wake na watoto wao, wakawa "wana" wa watu wa rika lao.

Desturi hiyo haikuwafikia waumini wengi, na baada ya Nauvoo ibada zenyewe zilisimama hadi hekalu la St. George lilipofunguliwa 1877. Tena kumbukumbu za hekaluni huonyesha nani aliunganishwa na nani. Hazionyeshi nani alimlisha nani.

Aprili 1894, rais wa kanisa, Wilford Woodruff, aliigeuza kamba: kila mtu ajifunge kwa baba yake mzazi, naye kwa babu, kurudi nyuma kadiri majina yatakavyopatikana. Majina yatoke wapi? Novemba mwaka huohuo ikaanzishwa Jumuiya ya Nasaba ya Utah, na hapo ndipo inapoanzia hazina kubwa ya kumbukumbu za ukoo ambayo leo hata wasio Wamormoni huichimba.

Kwa mhenga wa kabla ya hapo, sensa za Marekani husaidia, ila kwa tahadhari. Ile ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kwa jina kila mtu huru wa nyumbani, lakini haisemi nani ni nani kwa mkuu wa kaya. Safu hiyo iliongezwa 1880. Lee hayumo katika hiyo ya 1880: alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama mwaka 1877, kwa mauaji ya wahamiaji huko Mountain Meadows, Utah, ya 1857, miaka saba baada ya kufukuzwa katika kanisa lililoongozwa na huyohuyo baba yake.