Ithibati ya kimataifa ya vyuo vikuu: yanayosemwa Malimbe na yalivyo

Msimu wa udahili ukikaribia, ukikaa nusu saa kwenye kibanda chochote cha stationari pale Malimbe, Mwanza, utalisikia neno "kimataifa" likitajwa kama jina la dawa inayotibu kila kitu. Chuo hiki ni cha kimataifa, kile si cha kimataifa. Ukiuliza maana yake, kila mtu ana yake.

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza dagaa Mwaloni, alinifuata nyumbani asubuhi akiwa na simu mkononi. "Mwangaluka, mwalimu. Hebu nisomee hii." Lilikuwa tangazo la chuo cha mtandaoni alichokipata mwanawe: shahada ya uhasibu kwa miezi 14, ada kwa awamu, na chini kabisa mihuri sita ya dhahabu inayodai chuo kina ithibati ya kimataifa, yaani kimekaguliwa na kuthibitishwa ubora wake. "Si bora hiki kuliko hivi vyetu?"

Nimekaa kwenye kamati za tathmini ya ndani mara tatu, kwa hiyo jikoni humo napajua kidogo. Niliyomjibu ni haya, pamoja na mengine yaliyonijia akiwa ameshaondoka.

"Kuna shirika moja la dunia linaloidhinisha vyuo."

Halipo. Wengi hudhani ni UNESCO, na matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana jina lake halikosekani kwenye matangazo yao. UNESCO haina mamlaka ya kukipa chuo chochote ithibati. Kazi yake ni kusimamia mikataba ya nchi kutambuliana sifa za elimu, ukiwemo ule wa dunia nzima ulioanza kutumika Machi 2023. Marekani nako, wizara ya elimu haikagui vyuo yenyewe. Inatambua vyombo vya ukaguzi, na vyombo hivyo ndivyo vinavyokwenda chuoni.

Kwenye udaktari mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Utasikia chuo "kimepitishwa na WFME", yaani Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari. Shirikisho hilo halikagui chuo hata kimoja. Linawapima wale wanaokagua. Na jina la chuo kuonekana kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari si ithibati. Ni kama jina lako kuwemo kwenye daftari la mjumbe wa nyumba kumi: linaonyesha unaishi hapo, halisemi wewe ni mtu wa namna gani.

"Ithibati ya nje inaipita ya TCU."

TCU ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inayotoa ithibati ya hapa nyumbani. Hapa nilimrudisha mama kwenye samaki, maana biashara hiyo anaijua kuliko mimi. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa vipindi tofauti dhidi ya samaki wa Ziwa Victoria, kwanza kwa hofu ya bakteria wa salmonella na kipindupindu, baadaye kwa hofu ya sumu. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza viliyumba. Soko lilipofunguka, Ulaya haikutuma mkaguzi wake akae kwenye mlango wa kila kiwanda. Ilichotaka ni mamlaka ya hapa nchini inayoaminika: ndiyo ikague viwanda, ipeleke sampuli maabara, na isaini cheti cha afya cha kila shehena. Maabara ya taifa ya ubora wa samaki ipo Nyegezi, jirani tu na huko Malimbe tunakobishania vyuo. Sangara asiye na cheti cha hapa nyumbani haendi popote, hata awe mnono vipi.

Vyuo ni vivyo hivyo. ABET, chombo cha Marekani kinachokagua kozi za uhandisi na kompyuta, hakianzi kazi nje ya nchi yake mpaka mamlaka za elimu za nchi husika zitoe barua ya kuridhia. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala tangu 1980, linaweka miongozo na viwango vya pamoja, lakini muhuri wa chuo cha Mwanza linauacha kwa TCU, kama linavyouacha wa Maseno kwa tume ya Kenya.

TCU yenyewe ilianza 2005, ikichukua nafasi ya baraza la ithibati lililoundwa 1995. Anayedhani ni ofisi ya kugonga mihuri tu akumbuke Julai 2017: vyuo 19 vilizuiwa kudahili wanafunzi wapya, na programu 75 za vyuo vingine 22 zikasimamishwa kupokea watu. Mwaka huo simu yangu haikupumzika.

"Chuo kikipata, kozi zote zimepata."

La hasha. ABET inapitisha programu, si chuo. Uhandisi wa umeme unaweza kuwa nayo na wa ujenzi, jengo lilelile, usiwe nayo. AACSB, iliyoanza Marekani mwaka 1916, ni ya shule za biashara. EQUIS, inayotolewa kutoka Brussels, nayo ni ya shule za biashara. AMBA ya London inaangalia zaidi MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara. Chuo kikitangaza "tuna AACSB" huku kinakuuzia uuguzi, hapo unauziwa jina. Tena muhuri una mwisho: EQUIS hutolewa kwa miaka 3 au 5, ABET haizidi 6 kabla ya ukaguzi mwingine. Kwa hiyo bango lenye muhuri lisilo na mwaka linanitia wasiwasi kuliko chuo kisicho na bango.

"Wakaguzi wanakuja kuangalia majengo."

Nami niliamini hivyo mara ya kwanza. Tulipaka rangi kuta, tukapanda maua, tukanunua viti vipya vya ukumbini. Wageni walipofika walipita ukumbini kama wanaokimbilia kivuko cha Kamanga, wakaenda moja kwa moja kwenye kabati la mitihani.

Kazi kubwa huwa imeshafanyika kabla hawajafika. Chuo kinajiandikia taarifa ya kujitathmini, kozi kwa kozi: mhitimu anapaswa kuweza kufanya nini, somo gani linamjengea uwezo huo, mtihani gani unaupima, na ushahidi uko wapi. Neno "ushahidi" ndilo linalowatoa watu jasho. Kusema "tunawasikiliza wanafunzi" hakutoshi. Wanataka maoni yaliyokusanywa, kumbukumbu za kikao kilichoyajadili, na kilichobadilika baada ya kikao. Sisi tulipopekua wenyewe tuligundua somo moja lilikuwa limetungiwa mtihani uleule miaka mitatu mfululizo, umebadilishwa tarehe tu. Hakuna aliyekuwa akificha. Hakuna aliyewahi kuziweka karatasi hizo tatu pamoja mezani.

Wakaguzi wenyewe ni wahadhiri wa vyuo vingine, pengine na mtu wa kutoka kwenye fani. Wanakaa na wanafunzi bila mwalimu kuwepo. Wanauliza waajiri. Baadaye inatoka ripoti yenye sifa na masharti, na masharti ndiyo yanayofuatiliwa. Sisi tulipewa masharti, na mpaka leo naona yalitusaidia kuliko zile sifa. Shule ya biashara inayoanzia chini kuitafuta AACSB huhesabu miaka, si miezi.

Gharama zipo, ada ya maombi na safari za wakaguzi, na hapo ndipo linapozaliwa lile neno la vijiweni kwamba ithibati "inanunuliwa". Kinacholipiwa ni ukaguzi. Unaweza kulipa na ukanyimwa.

Mengine yaende haraka. Nafasi kwenye orodha za ubora si ithibati: Webometrics huangalia zaidi chuo kinavyoonekana kwenye intaneti, na hakuna anayetumwa kukaa darasani. ISO 9001 nayo inahusu mfumo wa uongozi, na kiwanda cha minofu kinaweza kuwa nayo sawasawa na chuo. Tena shirika la ISO lenyewe halitoi vyeti. Hutolewa na makampuni ya ukaguzi.

"Kama kina muhuri, basi kuna aliyekagua."

Mei 2015 gazeti la New York Times lilianika kampuni ya Axact ya Karachi: mamia ya tovuti za vyuo hewa, na pembeni yake tovuti za vyombo hewa vya ithibati vya kuvithibitisha vyuo hivyo. Ukipiga kuuliza, anayepokea ni wa nyumba ileile. Ndiyo maana chombo chenyewe huulizwa kwanza kinatambuliwa na nani. Na kwa anayesomea nje au mtandaoni, shahada yake itabidi ipite TCU kutambuliwa akitaka kuitumia hapa, jambo ambalo lile tangazo la mama halikuligusa.

Hatukubishana zaidi. Nilimsaidia kuwaandikia kwa namba yao ya WhatsApp maswali matatu: programu hii ya uhasibu ilipewa ithibati na nani, mwaka gani, na chuo kimesajiliwa na mamlaka ya nchi gani? Tiki zikageuka buluu kabla hajamaliza chai. Jibu lilikuja jioni: punguzo la ada la asilimia 40, mwisho Ijumaa.