Moto mkali hauharakishi maharage

Wiki haipiti bila mama mmoja kuniambia: "Mwalimu, maharage ya siku hizi hayaivi. Nimejaza babula makala mara mbili na bado ni mawe." (Babula ni jiko letu la mkaa, na makala ndiyo mkaa wenyewe.) Ninafundisha upishi na lishe hapa Goma, na malalamiko haya yamenichosha, kwa sababu nyuma yake kuna imani moja tu: moto ukizidi, maharage yanawahi.

Hayawahi. Maji yakishachemka joto lake haliongezeki tena, hata ukipuliza babula mpaka iwe nyekundu. Kinachoongezeka ni mvuke unaotoroka na pesa ya makala. Tena huku kwetu maji huchemka mapema kuliko pwani: Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji uko juu kidogo kuliko ziwa, kwa hiyo yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Dada yako aliyeolewa Matadi, kule chini karibu na bahari, anaepua mapema, na hakushindi ufundi. Sufuria ya presha ndiyo pekee inayobadilisha hesabu hiyo, maana inabana mvuke na joto linapanda. Kama huna, anza mapema.

Loweka jioni. Asubuhi mwaga yale maji, osha, weka mengine. Sasa chemsha kwa nguvu nusu saa, hasa maharage mekundu, kwa sababu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini inayotapisha na kuharisha, na joto la uvuguvugu haliiharibu. Hapo tu ndipo moto mkali una kazi. Kisha funika, ondoa makala kadhaa uyazime kwa majivu, uache mapovu madogo yapande pembeni mwa sufuria. Wanafunzi wangu wanacheka ninaporudia hili, lakini nalirudia: ukibanwa na makala, epua sufuria ikiwa bado inatokota, ivingirishe blanketi zito, iingize kwenye kikapu kilichojaa majani makavu ya migomba, nenda zako sokoni. Ukirudi, irudishe motoni ichemke tena sawasawa mpaka punje zilainike.

Na muulize muuzaji maharage ni ya msimu gani, si bei tu. Kivu tunavuna mara mbili, karibu na Januari na karibu na Juni. Yaliyoshuka juzi kutoka Masisi au Rutshuru hayafanani na yaliyolala miezi kwenye ghala lenye joto na unyevu. Hayo ngozi hufifia rangi au kuwa nyeusi nyeusi, na hata kuyaloweka kunasaidia kidogo tu. Hapo ndipo "maharage hayaivi" ni kweli, ila kosa si la moto.

Kuna na mengine ninayoambiwa. "Chumvi mwanzoni inayafanya magumu." Hapana. Nyanya na ndimu ndizo zinazochelewesha, kwa uchachu wake, kwa hiyo zisubiri mpaka punje zilainike.

"Weka magadi kidogo." Yatalainika, ndiyo, na vitamini B1 itaharibika, na ukizidisha utakula sabuni.

"Maji ya kuloweka yana vitamini zote." Kinachotoka humo kwa wingi ni zile sukari zinazojaza tumbo gesi. Yamwage bila huruma.

"Maharage yana madini ya chuma, basi mtoto ameshashiba damu." Yana chuma kweli, lakini ukimpa chai ya rangi papo hapo, chai inazuia mwili usiipokee. Mpe lengalenga (mchicha) au ndimu pembeni, chai ibaki kwa saa nyingine.

Wengine, wakishanisikia nikisifu mfuniko, wanafunika na sombe. Sombe ni kinyume chake. Majani ya muhogo yana sianidi, na inatoka kwa kutwanga vizuri kisha kuchemsha sufuria ikiwa wazi, mvuke uiondoe. Anayetwanga juu juu na kuepua baada ya dakika kumi ili sombe "ibaki kijani," naomba asinialike.