Mshahara Mdogo Si Jibu Lote: Dhana Potofu Kuhusu Polisi na Rushwa

Dhana: "Askari anakula rushwa kwa sababu mshahara hautoshi."

Kauli hii utaisikia kwenye kila kijiwe cha bodaboda Dodoma, na si uongo mtupu. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa mwaka 1996 kuchunguza rushwa nchini, ilitenganisha wanaopokea kidogo kidogo kwa kuwa kipato hakikidhi mahitaji, na wanaojilimbikizia kwa tamaa. Kundi la kwanza tunalitaja kila siku, la pili tunalinyamazia. Lakini hata mwalimu wa shule ya msingi kule Bahi hana mshahara mkubwa. Asichonacho ni mamlaka ya kusimamisha gari la mtu.

Chukua lori lililopakia mahindi Kibaigwa. Ni usiku, dereva anawahi Dar es Salaam. Askari anazunguka na tochi, anamulika tairi, anamulika taa ya nyuma. "Hii vipi?" Kosa lipo au halipo, anayeamua ni yeye, palepale, bila shahidi. Faini halali ina kumbukumbu namba na inaingia serikalini. Ya mkato ni noti iliyokunjwa chini ya leseni, na lori linaondoka. Mwongezee askari huyo mshahara mara mbili. Upenyo ule haujazibwa.

Dhana: "Wabaya ni wachache tu, wafukuzwe."

Wafukuzwe, ndiyo. Ila mjini New York, Tume ya Knapp, iliyochunguza rushwa ndani ya polisi wa jiji hilo na kutoa ripoti yake mwaka 1972, ilikataa kabisa maelezo hayo. Ilikuta askari wengi waliopokea vijisenti bila kuvitafuta sana, na ukimya wao ndio uliowalinda wala rushwa wakubwa. Askari mpya akipangwa zamu na wakongwe wenye mgao wao, kukataa kunamfanya aonekane msaliti. Ndiyo maana kumhamisha mmoja na kuwaacha waliomfundisha hakuponyi kitu.

Dhana: "Hela ya mafuta si rushwa, ni kusaidia kazi."

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mama ametoka kijijini Chamwino, ameibiwa mbuzi. Kaunta anajibiwa: gari halina mafuta. Pengine kweli halina. Basi anachangisha kwa ndugu, polisi wanakwenda, na kila mtu anaona mambo yameenda vizuri. Kumbe askari amezoeshwa kuomba na mwananchi amezoeshwa kulipia haki yake. Leo ni mafuta, kesho ni karatasi, keshokutwa ni dhamana. Fomu ya PF3, ile ya polisi anayopewa majeruhi aende nayo hospitali, haiuzwi. Dhamana ya polisi nayo ni bure, anachotakiwa mdhamini ni kutia saini. Kituo kisichopewa mafuta ya kutosha ni chanzo cha rushwa sawasawa na mfuko wa askari, na lawama hiyo ni ya wanaopanga bajeti.

Dhana: "Mwenye kosa ni aliyepokea."

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinawabana wote wawili, anayetoa na anayepokea. Kuomba peke yake ni kosa, hata kama hujatoa senti. Kwa hiyo ukiombwa, usilipe kwanza ukalalamike baadaye. Piga 113 kwa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, simu ni bure, wakati pesa bado iko mkononi mwako na mtego unaweza kuwekwa.