"Gari limekunywa maji" maana yake nini?

Masika yakishika, kauli hii utaisikia kwenye gereji nyingi za Dar es Salaam. Haina maana kwamba gari limelowa, wala kwamba maji yamefika kwenye viti. Maana yake ni kwamba maji yamepita njia ya hewa yakaingia ndani ya silinda.

Injini hupumua. Kwenye magari mengi madogo mdomo wa bomba la hewa uko mbele, karibu na taa. Hewa ikiingia, pistoni hupanda na kuibana, nayo hukubali kubanwa. Maji hayabaniki. Pistoni ikiyakuta hukwama ghafla, na nguvu yote huishia kwenye konrodi (mkono wa chuma unaoishika pistoni), ikapinda au ikakatika na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini. Dizeli huumia haraka zaidi, kwa kuwa nafasi inayobaki juu ya pistoni ni finyu kuliko ya petroli. Maji kidogo tu yanatosha.

Kwa hiyo kina cha maji peke yake hakikupi jibu. Dereva anayeingia kwa kasi husukuma wimbi mbele ya boneti, na maji ambayo yangeishia kwenye bampa yanapanda hadi mdomo wa bomba. Kama ni lazima upite, tia gia ya kwanza (la otomatiki liweke L), nenda taratibu bila kusimama wala kubadili gia. Ngoja kwanza lori lipite, maana nalo lina wimbi lake.

Likizima majini, tafadhali usipige stata! Huenda injini bado ni nzima, na konrodi ikapindishwa na huko kujaribu kuwasha. Lisukumeni hadi pakavu, fundi afungue plagi, au nozeli kama ni dizeli, kisha aizungushe injini ili maji yaruke nje. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji, imwagwe yote.

Bonde la Jangwani, hapo hapo Dar, ni habari nyingine. Mto Msimbazi ukifurika, maji ya pale yanatembea, na sentimita 30 zinaweza kuelesha gari dogo. 60 huchukua magari mengi, hata yale yaliyoinuka juu. Injini hapo si hoja tena. Geuza, uzunguke daraja la Selander, hata kama nyumbani ni Magomeni na unapaona ng'ambo.