Myahudi wa Kabila la Benyamini

Kitabu cha Esta kinamtambulisha Mordekai kuwa Myahudi, na hapo hapo kinasema ni Mbenyamini. Msomaji makini atashtuka, maana Yuda ni kabila na Benyamini ni kabila jingine. Jina la Yuda lilianza kupanuka zamani za wafalme, kwa kuwa Benyamini nao walikuwa chini ya ufalme wa Yuda. Uhamishoni ndiko lilikogeuka kuwa jina la taifa zima.

Waashuri waliiteka Samaria, mji mkuu wa ufalme wa Israeli wa kaskazini, karibu 722 KK, na mfalme wao Sargoni wa Pili akaandika kwamba alihamisha watu 27,290. Walipelekwa Hala, Habori na miji ya Wamedi, mbalimbali, na wageni wakaletwa mahali pao. Ndio wanaoitwa makabila kumi yaliyopotea, ingawa si wote walioondolewa: wengi walibaki na wengine wakakimbilia kusini.

Babeli iliiangamiza Yerusalemu mwaka 586 KK, lakini mateka wake wengi iliwaweka pamoja. Naona hapo ndipo penye tofauti yote. Kuna vibao vya udongo vipatavyo 200, vya kati ya 572 na 477 KK, vinavyotaja kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda. Ni mikataba ya watu wa kawaida: madeni ya shayiri, kodi, tende. Kimoja kina alama za Kibabeli zilizokandamizwa kwenye udongo, na pembeni mtu amekwaruza jina Shelemya kwa herufi za Kiebrania. Hati yenyewe ni ya Kibabeli, jina ni la nyumbani.

Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipowaruhusu kurudi, mwaka 538 KK, watu walihesabiwa. Orodha iliyo katika Ezra sura ya 2 ina watu 42,360, na ukiisoma polepole utaona haiwapangi kwa makabila kumi na mawili. Inawapanga kwa koo na kwa miji ya asili: watu wa Bethlehemu 123, watu wa Anathothi 128. Kabila linalojitokeza wazi ni Lawi tu, kwa sababu ya kazi ya hekalu. Kumbukumbu ilikuwa imeshuka kutoka kabila hadi mlango wa baba na kijiji cha babu.

Aliyekosa kumbukumbu hiyo alipata shida. Watu 652 hawakuweza kuonyesha kama ukoo wao ni wa Israeli. Walikuwapo pia makuhani, wakiwemo wana wa Hakosi, waliotafuta majina yao katika nasaba wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani.

Miaka mingi baadaye, Nehemia anaorodhesha waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu. Miongoni mwao yumo Meremothi, mwana wa Uria, mwana wa Hakosi, naye alijenga sehemu mbili.