Je, wajua kwa nini kikohozi cha kifaduro huendelea hata baada ya bakteria wake kufa?

Mtu aliyewahi kumuuguza mtoto mwenye kifaduro huenda alishangazwa na jambo moja: dozi ya antibayotiki imekwisha, vipimo havioni tena vijidudu, lakini mtoto bado anakohoa mfululizo mpaka pumzi inamwishia, kisha anavuta hewa kwa mlio mkali, na mara nyingi anamalizia kwa kutapika. Hali hiyo inaweza kudumu kwa wiki sita, kumi au hata zaidi. Je, dawa imeshindwa? La. Dawa hiyo kazi yake ni kuua bakteria, na imewaua. Kilichobaki ni matokeo ya sumu ambazo bakteria hao walikwisha kuziachia mwilini.

Bakteria mwenyewe anaitwa Bordetella pertussis, na aliyefaulu kumwotesha maabara ni Jules Bordet akishirikiana na Octave Gengou, mjini Brussels, mwaka 1906. Haikuwa kazi rahisi, kwa sababu bakteria huyu hakubali kukua penye vyakula vya kawaida vya maabara, na ilibidi watafiti hao watengeneze mchanganyiko maalumu wa viazi, gliseroli na damu. Ugumu huo una sababu yake. Bordetella pertussis ameyazoea mazingira ya njia za hewa za binadamu peke yake, wala hana makazi mengine ya asili, iwe kwa wanyama, kwenye maji au udongoni. Jenomu yake, yaani jumla ya maelekezo yake ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi za kikemia za DNA, iliposomwa yote na matokeo kutangazwa mwaka 2003, ilionekana kuwa na herufi zipatazo milioni 4.1, ilhali ile ya jamaa yake wa karibu, Bordetella bronchiseptica, anayeambukiza wanyama wa aina nyingi, ina takriban milioni 5.3. Mamia ya jeni zake ama zimepotea ama zimeharibika zisifanye kazi. Ni jambo la kutafakarisha sana kwamba ugonjwa mzito namna hii umetokana na kiumbe aliyepoteza uwezo mwingi, akabaki na ule unaomfaa kwa mwenyeji mmoja tu.

Akishaingia kwa njia ya hewa, bakteria huyu hujishikiza kwenye seli zenye vijinywele vidogo sana ambavyo hupeperuka bila kukoma, vikifagia kamasi na uchafu kuelekea juu kooni. Hapo huachia kipande cha ukuta wa seli yake, kipande ambacho bakteria wengi wengine hukirudisha ndani na kukitumia tena. Kwa binadamu kipande hicho ni sumu, kwa kuwa huua seli zenye vijinywele, na mgonjwa hubaki na njia ya kusafisha mapafu moja tu, yaani kukohoa. Seli mpya huhitaji muda kuota na kukomaa, na antibayotiki haiwezi kuuharakisha muda huo.

Sumu ya pili, ile inayoitwa sumu ya petusisi, ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Huingia ndani ya seli na kuibadilisha kikemia protini ambayo kazi yake ni kupeleka ishara za kutuliza, na mabadiliko hayo hayafutiki kirahisi. Kwa kawaida seli hulazimika kuunda protini mpya. Sumu hiyo hiyo huzuia chembe nyeupe za damu zisitoke kwenye mishipa kwenda palipo na maambukizi, hivyo hesabu yake katika damu hupanda mno. Kwa mtoto mchanga kupanda huku ni hatari kubwa, kwani chembe hizo zikizidi huweza kuziba mishipa midogo ya mapafu na kuuelemea moyo. Ikumbukwe pia kwamba mtoto wa umri huo huenda asitoe ule mlio unaojulikana; anaweza kuacha kupumua kwa muda, bila kikohozi kikubwa cha kuwatahadharisha walio karibu naye.

Lakini ni nini hasa kinachoamsha kikohozi? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walieleza jibu walilolipata kwa kutumia panya wanaokohoa. Molekuli ya mafuta na sukari iliyoko kwenye utando wa nje wa bakteria husababisha mwili kutengeneza bradikinini, kemikali ya mwili wenyewe inayoamsha neva, na protini nyingine ya bakteria, iitwayo Vag8, huondoa kizuizi cha utengenezaji huo. Bradikinini huviongezea wepesi wa kuamka vipokezi vya neva ambavyo hutambua pia ukali wa pilipili. Kwa kawaida mwili una njia ya kuvituliza vipokezi hivyo, ila sumu ya petusisi huikata. Neva zikiwa katika hali hiyo, kichocheo kidogo huweza kuanzisha kikohozi kirefu.

Kwa hiyo madaktari husisitiza kuanza matibabu mapema, katika wiki moja au mbili za mwanzo ambapo ugonjwa hufanana na mafua ya kawaida, maana hapo bado upo uwezekano wa kupunguza kiasi cha sumu. Baadaye antibayotiki husaidia hasa kuwakinga wengine wasiambukizwe.

Ujuzi huu wa sumu ulibadili pia chanjo. Ile ya awali, ambayo Pearl Kendrick na Grace Eldering waliifanyia majaribio Michigan, Marekani, katika miaka ya 1930, ilitengenezwa kwa bakteria wazima waliouawa. Japani ilianza kutumia mwaka 1981 chanjo yenye protini chache tu zilizosafishwa, ikiwemo sumu ya petusisi iliyoondolewa makali, na nchi nyingine nyingi zikafuata. Hata hivyo, majaribio kwa nyani yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliopewa chanjo ya aina hii hawakuugua, ila bakteria waliendelea kuishi kooni mwao na kuwafikia nyani wengine. Kinga yake pia hupungua kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo tangu mwaka 2012, huwachanja wajawazito: kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto kabla hajazaliwa, zikawa tayari kuidaka sumu katika wiki ambazo yeye mwenyewe hajafikia umri wa kuchanjwa.