Besi ya nyuzi sita ya bei nafuu: tunayoambiana na yaliyo kweli

Baada ya mazoezi ya kwaya Jumamosi, kijana wetu anayejifunza gitaa la besi alinionyesha picha kwenye simu. Besi ya nyuzi sita, nyeusi, inauzwa Kariakoo, na bei yake unaimeza bila maji. "Kaka, nikichukua hii si nimemaliza kila kitu?" Sijafungua mdomo, watu watatu walishamjibu: mpiga kinanda, fundi mitambo, na mzee mmoja wa sauti ya nne ambaye hajawahi kushika gitaa. Wote kwa uhakika mkubwa. Mimi sita ya bei nafuu nimewahi kuinunua, tena kwa pupa, kwa hiyo nayapitia haya tunayoambiana nikijua yanapouma.

"Sita inashuka chini kuliko tano"

Haishuki. Besi ya nyuzi nne ina noti za E, A, D na G, kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Ya tano kwa kawaida inaongezewa B upande wa chini. Ya sita ina B ileile, kisha inaongezewa C upande wa juu. Kwenda chini, tano na sita zinaishia mlango mmoja.

Ila najua hamu hii inatoka wapi. Inatoka kwenye kinanda. Mwimbishaji ameamka na koo zito, mpiga kinanda anabonyeza transpozi (kitufe cha kuhamisha wimbo juu au chini), wimbo unatua kwenye D flati. Mwenye nyuzi nne hana D flati ya chini. Anaikamata ya juu, na wimbo mzima unakosa kitako huku mkono wa kushoto wa kinanda ukimcheka kutoka chini. E ikipigwa wazi hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde. D flati ile inayotafutwa ni kama 35, na B wazi ni kama 31. Basi dawa ni uzi wa B, na uzi wa B unapatikana kwenye tano.

Uzi wa sita, C, hauna habari na kitako. Ni wa kupiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja, si za TRA), kupiga melodi na solo bila kukimbilia mwisho wa shingo. Kwa hiyo anayeuliza kama anunue sita, mimi namuuliza: hiyo C utaifanyia nini? Akibaki anatazama dari, anahitaji tano.

Halafu usidhani B utaisikia vizuri popote. Spika ndogo ya mazoezi, ya inchi 8 au 10, mtikisiko wa 31 hauusukumi ipasavyo. Unachosikia zaidi ni sauti za juu za noti hiyohiyo, 62, 93 na kuendelea, na ubongo wako unajaza pengo. Wengi wamelaumu gitaa kwa kosa la spika.

"Ni gitaa la kawaida, ila nene"

Wapiga gitaa la solo ndio wanaoingia mtego huu. Gitaa la kawaida ni E, A, D, G, B, E, na kati ya G na B hatua inapungua. Besi ya sita hairuki wala haipungui, ni hatua za nne tupu (noti nne kwa kuhesabu, kama B hadi E) kutoka uzi hadi uzi. Shepu zako za kodi za gitaa zitavunjika ukifika nyuzi za juu. Faida yake ni kwamba skeli uliyojifunza chini unaihamishia popote bila kuikarabati.

Mkanganyiko wenyewe una historia. Mwaka 1961 kampuni ya magitaa ya Fender walitoa Bass VI, nyuzi sita zilizotuniwa kama gitaa, oktavi moja chini, zimebanana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni. Ile ni ala nyingine. Hii tunayoizungumzia ilianza mwaka 1975, fundi magitaa Carl Thompson alipomtengenezea Anthony Jackson, mpiga besi wa Marekani aliyeona besi nayo ni gitaa, sasa kwa nini iishie nyuzi nne? Ukikuta tangazo la "besi sita", uliza limetuniwaje kabla ya kuuliza bei.

"Ya bei rahisi ni takataka." "Aa, siku hizi zote sawa, unalipia jina tu."

Nilizisikia zote mbili jioni ileile, na zote mbili zinapotosha. Mbao sasa zinachongwa na mashine za kompyuta, hivyo hata besi ya bei ya chini inaweza kuja na shingo nzuri. Penye kubanwa gharama ni pengine: nati (kijiti chenye mifereji ya nyuzi, karibu na kichwa), funguo za kutunia, ncha za freti (vyuma vya kwenye shingo), pikapu (vinasa sauti), na muda wa fundi wa mwisho kuiweka sawa. Kwenye besi ya nne udhaifu huo unavumilika. Kwenye sita unakutana na uzi wa B, ambao ni mnene na mlegevu, na B haina huruma.

Yangu niliijaribu dukani mbele ya muuzaji mchangamfu aliyenielekeza nyuzi za juu. Nikapiga melodi tamu kwenye C, watu wakageuka, nikalipa. Nyumbani nikaigusa B: ilikuwa kamba ya kuanikia nguo. Inapepea, inagonga freti, noti haijulikani inaanzia wapi. Fundi alifungua kifuniko cha kichwani, akaingiza alenki kwenye chuma cha kunyooshea shingo, akazungusha robo tu, akasubiri. Akanionyesha nati: mfereji wa B ulikuwa mwembamba kuliko uzi wenyewe, kwa hiyo uzi ulikaa juujuu badala ya kulala. Akaukwangua kwa faili, akafunga B yenye namba ya unene 130 badala ya ile nyembamba iliyokuja nayo. Ikapona, si kabisa, lakini ikawa inapigika. Pesa ya fundi ilikuwa sehemu ya bei, ila mimi sikuihesabu.

Kwa hiyo dukani anza na B. Ipige wazi. Kisha bonyeza freti ya 5 kwenye B, utapata E. Ilinganishe na uzi wa E ukiwa wazi. Ni noti moja, sasa sikiliza: moja isiwe ngumi na nyingine kofi. Panda hadi freti ya 12, piga harmoniki (gusa uzi bila kuubonyeza), kisha ubonyeze hapohapo, na utazame tuna (kipima noti) ya kwenye simu. Zikipishana sana, uliza kama vijiti vya kwenye briji (pale nyuzi zinapokalia mwilini) vina nafasi ya kurudishwa nyuma. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, kama freti zinakukwaruza utajua. Halafu vaa mkanda, simama, achia mikono. Kichwa cha sita kina funguo sita, na kwenye mwili mwepesi kinazama kuelekea sakafuni. Utakuwa unakibeba kwa mkono wa kushoto ibada nzima.

Nyingi pia zina betri ya volti 9 ndani. Ikiwa dhaifu, gitaa linakoroma na unadhani ni bovu. Na ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, betri inaisha, utaligundua hilo Jumapili saa moja asubuhi.

"Mikono yako midogo, huiwezi"

Shingo ya sita kwenye nati ni kama milimita 54, ya nne ni kama 38 hadi 42. Ni pana, lakini gumba likikaa nyuma ya shingo badala ya kuchungulia juu, na mkanda ukipandishwa, vidole vya kawaida vinafika.

Kazi ya kweli iko mkono wa kulia, na hakuna aliyeniambia. Ukipiga G, nyuzi za chini zinaanza kuvuma zenyewe bila kuguswa, na spika ya monita ya kanisani inayageuza hayo kuwa mngurumo. Lazima gumba lihame nawe, lilale juu ya nyuzi za chini kuzinyamazisha kadiri unavyopanda. Miezi kadhaa nilionekana nimesahau kupiga. Na kama unapenda kuslapu (kuzigonga nyuzi kwa gumba), pima kwanza nafasi kati ya nyuzi. Kwenye sita nyingi ni finyu.

"Nyuzi nyingi ndio ufundi"

Mpiga besi James Jamerson alijenga sauti ya Motown, kampuni ya muziki ya Detroit, Marekani, kwa nyuzi nne na kidole kimoja cha kuchomolea. Twende mbele.

"Ukishanunua umemaliza"

Seti ya nyuzi sita huikuti kila duka. Ukutani utaona nne, labda tano. Mimi hununua seti ya tano na kuagiza C ya 30 au 32 peke yake. Na kwa hewa hii ya chumvi, usipofuta nyuzi kwa kitambaa kila baada ya kupiga, kutu inakutangulia.

Jumatatu nilienda Kariakoo na yule kijana. Swali la C alikuwa na jibu lake: yeye ni mwimbaji wa sauti ya tatu, anataka kujipigia kodi mwenyewe akiimba nyumbani. Sawa, hiyo ni sababu. Akaanza na B, freti ya 5, E wazi, tena na tena, hadi muuzaji akachoka: "Mdogo wangu, piga huku juu, ndiko utamu ulipo." Hakuhama. B ilifaulu. Alipovaa mkanda na kuachia mikono, kichwa kikazama polepole hadi kikagusa stuli. Wakaangaliana. Bei ikashuka kidogo, ikagoma, na mwisho muuzaji akaongezea mkanda mpana wa ngozi unaoshika begani usiteleze, akasema huo ni wa bure na asirudi kudai kitu kingine.